Kwa nini namba za LUKU ni ishirini? Mpaka kati ya maunzi na programu

Mwaka 2024, kabla ya tarehe 24 Novemba, wenye mita za LUKU, zile za kulipia umeme kabla ya kuutumia, nchini Tanzania walikutana na jambo ambalo hawakulizoea. Ukinunua umeme, badala ya tarakimu 20 za kila siku, zinakuja safu tatu, kila safu tarakimu 20. Unaingiza ya kwanza, mita inakubali lakini uniti haziongezeki. Unaingiza ya pili, vilevile. Ya tatu ndiyo yenye umeme. Nyumbani kwetu Pasua, Moshi, mama ndiye aliyekuwa akibonyeza, mimi namsomea namba kutoka kwenye simu, na mtoto wa kaka yangu, aliyekuwa na miaka 7, ametushikia tochi. Tulipofika safu ya tatu mkono wake umeshachoka.

"Shangazi," akauliza, "kwa nini zisiwe kumi tu?"

Sikuwa na jibu usiku ule. Nilipolitafuta baadaye niligundua kwamba mtoto alikuwa ameuliza swali la uwanja mzima wa sayansi ya kompyuta, uwanja ambao maprofesa wake huuita usanifu wa pamoja wa maunzi na programu. Maunzi ni kile unachoweza kukishika: chipu, nyaya, betri, vibonyezo. Programu ni maagizo yanayoyaambia maunzi yafanye nini. Wengi wetu tunadhani hivi ni vitu viwili vinavyotengenezwa na watu wawili wasiojuana, mmoja anamaliza kifaa, mwingine anakuja kukiwekea programu. Profesa wa fani hii anakataa mpangilio huo. Kwake, swali la kwanza ni kazi ipi ifanywe na chuma na ipi ifanywe na maagizo, na swali hilo anataka liulizwe kabla kifaa hakijakuwepo.

Turudi kwenye mita, maana ndani yake kuna kila kitu.

Mita ya kawaida ya LUKU haihitaji mtandao ili ikubali namba. Ukishabonyeza, ni yenyewe peke yake ukutani inayopaswa kujua mambo manne: namba hizi ni zangu au za jirani, ni halali au za kubuni, zimeshatumika au bado, na zina uniti ngapi. Majibu yote lazima yawe ndani ya tarakimu hizo 20. Kompyuta huhesabu kwa biti, yaani sifuri na moja, na tokeni moja ya umeme, yaani safu moja ya tarakimu 20, ina biti 66. Biti 24 zinabeba muda ambao tokeni ilitolewa, kwa kuhesabu dakika tangu tarehe 1 Januari 1993. Biti 16 zinabeba kiasi cha umeme. Nyingine 16 ni za kuhakiki kwamba hakuna tarakimu iliyokosewa. Nne ni za nasibu, na sita zilizobaki zinaeleza aina ya tokeni. Halafu sehemu kubwa ya mzigo huo inafungwa kwa ufunguo wa siri ambao mita yako inao ndani.

Hesabu sasa. Biti 24 zinaweza kuhesabu dakika 16,777,216, ambazo ni pungufu kidogo ya miaka 32. Kuanzia Januari 1993, zinafika mwisho tarehe 24 Novemba 2024. Ndiyo maana zikaja zile safu mbili za nyongeza, duniani kote na si kwetu tu: ziliibadilishia mita ufunguo, zikaifuta kumbukumbu ya tokeni za zamani, na hesabu ya dakika ikaanza upya kutoka mwaka 2014.

Je, waliobuni mfumo huu Afrika Kusini walikuwa wazembe? Mimi nasema hapana. Tarakimu 20 zinaweza kubeba biti 66 kamili. Ukiongeza biti moja tu, ya 67, unahitaji tarakimu ya 21. Biti hiyo moja, kama ingewekwa kwenye muda, ingeipa mita karibu miaka 64 badala ya 32. Lakini ingemwongezea kila mnunuzi tarakimu moja ya kubonyeza, kila anaponunua, maisha yake yote. Na jibu la mtoto wa kaka yangu liko hapo hapo: tarakimu 10 hubeba biti 33 tu, wakati muda na uhakiki peke yake vinakula 40.

Programu ya kompyuta ofisini unaweza kuibadilisha kesho asubuhi. Mita iliyokwisha kufungwa ukutani haibadiliki hivyo. Uamuzi wa biti 24 ulipita upande wa chuma, na ukishapita upande huo unakaa miongo mitatu, hadi bibi mwenye miwani asimame mbele ya mita na kubonyeza tarakimu 60.

Sasa fani yenyewe. Njia rahisi ya kuielewa niliipata kwa mafundi wanaoshona kwenye baraza za maduka karibu na Soko la Kati, Moshi. Fundi ana cherehani ya kawaida. Hiyo inashona suruali, sare za shule, mapazia, mifuko, hata kiraka cha begi. Haiulizi. Mwenzake wa baraza la pili ana ovaloki, ambayo kazi yake ni moja: kupiga ukingo wa kitambaa usichanike, nyuzi kadhaa kwa mpigo huku kisu chake kikipunguza pembeni. Kwa kazi hiyo moja cherehani haioni ndani. Lakini ovaloki huwezi kuiomba ikushonee mfuko wa suruali.

Chipu kuu ya simu au kompyuta ni cherehani, inapokea agizo lolote. Chipu maalumu ni ovaloki. Na tazama anavyofanya fundi mzoefu. Hakati kitambaa kwanza halafu ndipo afikirie mashine. Anajua tangu anapochora chaki kwamba vipande hivi vitakwenda ovaloki vyote kwa pamoja, safari moja, kwa sababu akipeleka kimoja kimoja kwa jirani, muda wote aliookoa unaishia njiani. Hapo kwenye safari ya vipande ndipo penye uzito wa somo hili, na nitaparudia.

Kwa muda mrefu wataalamu wa programu hawakuhitaji kufikiri hivi. Mwaka 1965 Gordon Moore alitabiri kwamba idadi ya transista, yaani swichi ndogo mno za umeme, kwenye chipu itaendelea kuongezeka mara mbili kila mwaka, na mwaka 1975 akarekebisha ikawa kila miaka miwili. Mwaka 1974 Robert Dennard na wenzake walionyesha kwamba transista zikipungua ukubwa, umeme zinaotumia unapungua nazo, kwa hiyo unaweza kuzikimbiza kwa kasi zaidi bila kuunguza kitu. Ukiandika programu nzito, unasubiri miaka miwili tu, kompyuta mpya inakubebea mzigo. Katikati ya miaka ya 2000 utaratibu wa Dennard ulivunjika. Transista ziliendelea kupungua lakini joto likagoma kupungua, na kasi ya chipu ikakwama kwenye gigahezi chache mpaka leo.

Jinsi tulivyokuwa tumelala kwa kutegemea kasi hiyo ilionyeshwa mwaka 2020 na Charles Leiserson wa MIT na wenzake. Walichukua kazi moja ya hesabu, kuzidisha majedwali mawili ya namba yenye safu 4,096 kwa 4,096, wakaiandika kwa lugha ya Python kwa njia ya kawaida kabisa. Ilichukua takribani saa 7. Wakaiandika kwa lugha ya C, ikawa na kasi mara 47 zaidi. Wakaigawa kwa viini vyote 18 vya kompyuta ile ile, yaani sehemu za chipu zinazoweza kuhesabu kwa wakati mmoja. Wakapanga namba zikae kwenye kumbukumbu kwa vifurushi vinavyotosha karibu na sehemu inayohesabu. Wakatumia maagizo maalumu ya chipu yanayozidisha namba nyingi kwa mpigo. Mwisho ikachukua sekunde 0.41. Zaidi ya mara 60,000, na hakuna aliyenunua kompyuta mpya. Nikiwa mwandishi wa programu, jambo hili lilinigusa, kwa sababu najua naandika kama ile ya saa 7.

Na hapo chipu yenyewe haijaguswa. Usanifu wa pamoja unaanza pale unaporuhusiwa kugusa pande zote mbili.

Hebu tuzungumze kuhusu nishati, maana ndiyo inayoamua. Mwaka 2014 Mark Horowitz, profesa wa Stanford, alitoa vipimo vya umeme unaoliwa na kila tendo ndani ya chipu. Nitavigeuza kuwa shilingi ili vishikike. Tuseme kujumlisha namba mbili kamili ni shilingi 1. Kuichukua namba kwenye kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya chipu ni kama shilingi 50. Kuichukua kwenye kumbukumbu kubwa iliyo nje ya chipu, ile tunayoinunua kwa gigabaiti, ni kama shilingi 6,400. Hesabu yenyewe ni bure. Nauli ndiyo inayokufilisi. Ni kama mtu wa Tengeru anayepanda gari kwenda Arusha mjini kununua kijiko kimoja cha chumvi, anarudi, anakoroga, kisha anapanda tena kufuata cha pili.

Ukiwa na picha hiyo kichwani, kazi ya Song Han inaeleweka vizuri. Leo ni profesa MIT. Alipokuwa mwanafunzi wa uzamivu Stanford chini ya Bill Dally, alishughulika na mitandao ya neva, yaani programu zinazojifunza kutambua picha. Mtandao mmoja maarufu wa wakati huo ulikuwa na ukubwa wa megabaiti 240. Haukutosha ndani ya chipu, kwa hiyo kila namba ililipiwa nauli ya 6,400.

Alifanya kile ambacho mkulima wa kahawa wa Kibosho au Machame anakijua kwa mikono yake: aliupogoa. Kwenye mtandao wa neva, namba nyingi ni ndogo kiasi kwamba hazisaidii. Akazikata, zikabaki kama asilimia 11 tu, kisha akauacha mtandao ujifunze tena kwa kile kilichobaki, kama mbuni unavyochipua upya baada ya kupogolewa. Zilizobaki akazifanya zishirikiane thamani chache badala ya kila moja kuwa na yake, halafu akazifupisha kwa mbinu ya kuandika iliyobuniwa na David Huffman mwaka 1952. Megabaiti 240 zikawa 6.9, na uwezo wa kutambua picha haukupungua.

Mpaka hapo ni programu tupu, na hapo ndipo wengi wangesimama na kusherehekea. Tatizo ni kwamba chipu ya kawaida haikufaidi kiasi hicho. Namba zilizokatwa ziliacha mashimo yaliyotawanyika ovyo, na chipu iliyozoea kupita safu kwa safu ilihangaika kuyakwepa mashimo kuliko ambavyo ingehangaika kuzidisha sifuri. Shamba limepogolewa lakini trekta limetengenezwa kwa mistari minyoofu. Kwa hiyo Han na wenzake, mwaka 2016, walisanifu chipu inayosoma mtandao ukiwa bado umefupishwa, inayoruka sifuri bila kuzigusa, na yenye kumbukumbu ya ndani inayotosha mtandao mzima. Kwa kuacha kwenda kumbukumbu ya nje tu, waliokoa nishati ya kusoma namba mara 120.

Ufupishaji peke yake haukutosha. Chipu hiyo nayo, bila ufupishaji, isingekuwa na cha kubeba. Kila upande ulichongwa kwa umbo la mwenzake, kama kifuniko na chungu.

Kampuni nazo zilifuata, na upande wa pili ukajibu. Mwaka 2020 NVIDIA ilitoa chipu iitwayo A100 yenye sharti la kuvutia: katika kila namba nne zinazofuatana, mbili ziwe sifuri. Ukilitimiza sharti hilo, chipu inakupa kasi hadi mara mbili. Yaani chuma kinaiambia programu, pogoa utakavyo lakini pogoa kwa mpangilio huu, nami nitakufuata. Naona huko ndiko kuna uzuri wa fani hii, mazungumzo kati ya pande mbili ambazo zamani zilitupiana kazi juu ya ukuta.

Mbinu za kuchora mpaka huo zilianza kutafutwa kwa dhati mwanzoni mwa miaka ya 1990. Rajesh Gupta na Giovanni De Micheli huko Stanford walianza na kazi yote ikiwa upande wa maunzi, wakawa wanahamishia kwenye programu kile kisichohitaji haraka, ili kupunguza gharama. Rolf Ernst na wenzake Ujerumani walianza upande wa pili, kila kitu kiwe programu, halafu kinachochelewesha ndicho kihamishiwe kwenye chuma. Njia zote mbili bado zinatumika. Leo profesa na wanafunzi wake huandika mfano wa chipu kama maandishi, wanauigiza kwenye kompyuta, au wanaupakia kwenye chipu za FPGA, ambazo nyaya zake za ndani zinaweza kupangwa upya kila siku. Kwetu hilo lina maana kubwa, kwa sababu kiwanda cha chipu hatuna, lakini bodi ya FPGA inatosha kwenye begi la mwanafunzi. Na tangu mwaka 2010, Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilipoanzisha RISC-V, kuna lugha ya maagizo ya chipu iliyo wazi kwa yeyote kuijengea chipu yake bila kulipia leseni.

Nililijua jambo hili kwa uchungu kabla sijalijua kwa jina. Miaka michache iliyopita nilishirikishwa kwenye kifaa cha kupima unyevu wa udongo kwa ajili ya mashamba ya Arumeru. Bodi zilishanunuliwa nilipoitwa. Kazi yangu ilikuwa programu. Betri ilitakiwa idumu msimu mzima. Ikadumu siku chache. Nikapunguza vipimo kutoka kila dakika hadi kila saa. Nikakusanya vipimo vya siku nzima nivitume mara moja. Bado. Mwisho fundi wa umeme alinikalisha mezani, akaniwekea bodi chini ya taa na kunionyesha kwa ncha ya bisibisi: redio ya kutuma vipimo kwenye mtandao ilikuwa imeungwa moja kwa moja kwenye betri. Hakukuwa na waya wa kuiwezesha programu yangu kuizima. Hata nikiandika nini, redio ilikuwa macho usiku na mchana. Waya mmoja tu ambao, kama tungekaa pamoja siku ya kwanza, usingekuwa na gharama ya maana. Bodi zote zilirudi kwenye boksi.

Ndiyo sababu naliona suala hili ni la hapa, si la California peke yake. Chukua nyanya za Ngarenanyuki. Kantangaze, mdudu aliyeripotiwa nchini mwaka 2014, hutaga mayai kwenye mmea, na kiwavi chake huchimba njia ndani ya jani, katikati ya ngozi ya juu na ya chini. Ukiona majani yamekauka umechelewa. Watafiti wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, pale Tengeru, wamefundisha mitandao ya neva kutambua uharibifu wake kwenye picha za majani. Hatua inayofuata, kwa maoni yangu, ni swali la mpaka. Picha ichambuliwe wapi? Ukiituma mbali, unalipa bando na unaamsha redio, na redio ndiyo mlaji mkubwa. Ukiichambua kwenye simu ya mkulima, unahitaji mkulima awe na simu nzuri na apite kila mstari wa shamba. Ukiichambua kwenye kifaa kidogo kilichosimikwa shambani, unahitaji mtandao wa neva unaotosha kwenye kumbukumbu ndogo mno.

Hilo la tatu lilikuwa ndoto hadi hivi karibuni. Mwaka 2020 Song Han na timu yake walionyesha kidhibiti kidogo cha kawaida, yaani kompyuta ndogo ya chipu moja, cha aina inayokaa ndani ya mashine za kufulia, chenye kumbukumbu ya kazi ya kilobaiti 512, kikitambua picha za makundi 1,000 kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 70. Simu ya gigabaiti 4 ina kumbukumbu kama mara 8,000 ya hiyo. Walifanikiwa kwa sababu hawakuuchora mtandao kwanza halafu wakaulazimisha uingie. Walibuni kwa pamoja umbo la mtandao na programu inayopanga kila kilobaiti, kimoja kikirekebishwa kila mwenzake anapobadilika. Jani la nyanya lina maswali machache kuliko makundi 1,000 ya picha za kila namna. Inawezekana. Lakini anayejua jani, anayejua programu na anayejua bodi lazima wakae meza moja kabla hazijanunuliwa bodi, na katika vyuo vyetu vingi wanasoma majengo tofauti na kukutana kantini.

Likizo iliyopita nilirudi Pasua na kumweleza mtoto wa kaka yangu habari za biti 66. Nilimchorea visanduku 66 kwenye karatasi ya daftari, akapaka rangi 24 za muda kwa kalamu nyekundu. Nikamwambia kwamba zile zilizoanza upya kutoka 2014 zitaisha Novemba 2045, yeye akiwa na miaka 28, na kwamba kisanduku kimoja zaidi cha nyekundu kingezisogeza mbele miaka mingine 32, ila namba zingekuwa 21.

Akafikiri. "Sasa shangazi, wewe ungechagua ipi?"

Nikamwambia akamuulize bibi yake, maana ndiye anayebonyeza. Mama alikuwa anachambua maharage uani, hakuinua hata kichwa.

"Ishirini zinatosha, baba. Kwanza hiyo ya ishirini yenyewe huwa naikosea."

Mtoto akarudi kwenye karatasi na kalamu nyekundu, akaanza kutafuta kisanduku cha kuazima kwingine.